Mwite kwa Jina Lake

Hail, 9 Januari 1993

Dada yangu Inshirah,

Nakusalimu wewe, namsalimu shemeji yangu Fathi, nawasalimu wanao watatu mpaka yule anayetambaa, na bata wako pia nawasalimu, maana nikiwasahau utaninunia mwaka mzima. Mimi sijambo. Baridi ya huku ugenini mwezi huu inauma vidole, na fundi wa vigae bila vidole si fundi, lakini tunakwenda hivyo hivyo. Mkataba umeongezwa hadi mwakani. Mwenye kampuni anasema hakuna anayelaza kigae kama Mmisri, kisha sisi wenyewe anatulaza sita chumba kimoja.

Sasa nije kwa Wisal. Huu ndio mwaka wake wa mtihani wa mwisho, na tangu mama yake afariki nimemwacha mikononi mwako, kwa hiyo maneno haya ni yako zaidi kuliko yake. Fizikia aende tuisheni kwa Ustadhi Rifaat, hata kama ana maringo. Kemia aende kwa yule ustadhi wa karibu na kinu. Asipike, asifue, asibebe mtoto. Televisheni ifungeni blanketi muiweke juu ya kabati, na anayetaka kuangalia mpira akaangalie kwa jirani. Nataka awe daktari. Wenzangu huku wameanza kuniita Baba Daktari, wengine kwa dhihaka, lakini naitika.

Na kuna jambo jingine, nalisema tu. Mtoto wa Abdel-Muti, yule ambaye mpaka darasa la sita alikuwa anafungiwa kamba za viatu na mama yake, leo anasomea udaktari. Wewe unajua alivyofika huko na mimi najua. Baba yake alipanda juu ya paa na kipaza sauti akamsomea majibu ya mtihani kama mtu anauza matikiti, kijiji kizima kikasikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Sasa wetu ataingia mle na kichwa chake peke yake. Nalisema tu.

Nijibu upesi.

Ndugu yako, Shawqi

Kafr Nawar, 14 Februari 1993

Shawqi mdogo wangu,

Barua yako imetumia mwezi mzima njiani, nadhani ilikuja kwa miguu. Sisi wazima. Yule wa mwisho ameota meno mawili na kazi yake sasa ni kuniuma. Fathi anakusalimu, mgongo unamsumbua lakini shambani anakwenda. Bata wamesikia salamu zako, hawakujibu, midomo imejaa mahindi.

Usinifundishe kulea. Televisheni ilishafungwa blanketi tangu Novemba, na mwanangu mkubwa huwa analisalimia lile blanketi akipita. Wisal anaamka alfajiri, anasoma, anakwenda shule, anarudi, anakula amesimama, anakwenda kwa Rifaat. Huko wanakaa watoto thelathini kwenye mabenchi sebuleni, na mke wake amesimama mlangoni na bakuli la kukusanyia pesa. Nilimuuliza Wisal, "Mbona hamjifunzi shuleni, si ni Rifaat yule yule?" Akanijibu, "Shangazi, shuleni anakohoa tu. Nyumbani kwake ndiko anakofundisha." Lakini hata huko, watoto wengine wakitoka humzunguka Wisal barabarani awaeleze upya. Hayo sijaambiwa na mtu, nimeyaona.

Nilimsomea barua yako, nikaruka ule mwisho. Akaninyang'anya akausoma mwenyewe. Akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Mwambie baba mimi sitaki kuwa daktari wa paa. Mgonjwa akinijia nitamwambia nini, ngoja kwanza nipande juu niulize?" Nimekuandikia kama alivyosema. Kwa hiyo na wewe acha hayo ya kusema tu.

Dada yako, Inshirah

Hail, 28 Aprili 1993

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tulipelekwa kujenga hospitali huko jangwani, na posta iko mbali. Nimefurahi kusikia mko wazima, na poleni na mgongo wa shemeji. Kwa mkono wa Sayyid, mwenzangu wa chumbani anayerudi likizo, nimemletea Wisal saa ya mkononi ili ajue muda akiwa ndani ya chumba cha mtihani, na kalamu sita za aina moja, asije akaishiwa. Wewe nimekuletea kitambaa cha kijani. Usimpe mtu.

Nimesoma maneno ya binti yangu na sikukasirika. Ni mtoto, anadhani dunia inasahihishwa na mwalimu mwenye haki. Hapa nilipo kuna kijana mwenye shahada ya uhandisi, tunachanganya saruji pamoja. Namtazama kila siku namfikiria Wisal, na usingizi haunijii.

Kuna bahasha ya Fathi, nimeibandika gundi. Ni habari za ile pampu ya maji tuliyozungumza. Mambo ya wanaume, usijisumbue kuifungua.

Shawqi

Kafr Nawar, 24 Juni 1993

Shawqi,

Salamu. Tumepata saa, kalamu na kitambaa. Joto limezidi, bata wawili wamekufa.

Mtihani umekwisha. Wisal amefanya karatasi zote. Siku ya fizikia kulikuwa na kelele kidogo nje ya shule, lakini alimaliza karatasi yake. Amekonda. Nimempikia mlenda na sungura, chakula anachokipenda, akala vijiko viwili. Wisal hasemi na Fathi, watoto wakichoka huwa hivyo.

Nitakuandikia matokeo yakitoka.

Inshirah

Hail, 11 Julai 1993

Dada yangu kipenzi,

Alhamdulillahi kwa kumaliza salama. Barua yako fupi nimeisoma mara tano nikitafuta zaidi, lakini najua umechoka. Mwambie Wisal alale mpaka mwili umchoke kwa usingizi. Poleni na bata.

Hapa nimeshawapa watu sharbati, kabla ya matokeo. Wameniambia mbona mapema, nikawaambia namjua mwanangu. Sayyid amerudi na anasema kule kijijini watu wanamtaja Wisal sana, kila kona ni Wisal, Wisal. Nimefurahi mno kusikia kwamba jina lake limevuma. Nilipomuuliza wanamtajaje, akasema ana kazi akaondoka.

Hukuniambia kelele zile zilikuwa za nini. Na Fathi hajajibu kuhusu pampu.

Shawqi

Kafr Nawar, 5 Agosti 1993

Shawqi,

Watoto wazima na mimi mzima, basi salamu zimekwisha. Kaa chini usome.

Matokeo yalibandikwa ukutani shuleni Jumatatu. Katika chumba cha Wisal walikuwa watoto hamsini na wawili. Hamsini na mmoja wamepata alama zao, na fizikia wamefaulu kama mvua, hata yule binti wa mchinjaji ambaye Wisal alikuwa anamwandikia mazoezi. Mbele ya jina la Wisal pameandikwa neno moja, imezuiwa. Mama zao walikuwa wanapiga vigelegele pale uwanjani, mimi na Wisal tukapita katikati yao, na waliotuona walishusha vigelegele mpaka tulipopita, kisha wakaendelea.

Zile kelele nilizokuficha zilikuwa hivi. Nusu saa baada ya mtihani wa fizikia kuanza, karatasi ilitolewa kupitia dirisha la choo. Mwalimu mmoja alikuwa amekaa nyuma ya duka akaitatua. Halafu mtu akapanda juu ya paa la Abdel-Muti na kipaza sauti cha muuza gesi. Ni mambo ya kila mwaka, hata askari wa getini alikuwa ameketi kivulini anakula mbegu. Lakini kila mwaka msomaji husoma majibu tu, na hakuna anayejua anamsomea nani. Mwaka huu msomaji alianza hivi: "Wisal, Wisal binti Shawqi, inua kichwa mwanangu, hii ni yako. Swali la kwanza, andika." Na kila swali hivyo hivyo, Wisal binti Shawqi, andika. Mpaka walioko shambani ng'ambo ya mfereji waliacha kazi wakasikiliza.

Watoto wote waliandika. Wisal hakuandika yaliyosomwa. Msimamizi mwenyewe amenieleza kwamba alimwona amebonyeza kidole sikio la kushoto, mkono wa kulia unaendelea na kalamu, na machozi yanadondoka kwenye karatasi, akawa anayafuta kwa mkono wa nguo wino usije ukatawanyika. Siku hiyo mkaguzi kutoka mjini alikuwa pale shuleni. Alitaka kuandika ripoti ya udanganyifu, na jina alilolisikia ni moja tu. Akaliandika.

Watu wa mtihani walimwita wakamhoji. Nilikuwa nje ya mlango nasikia. "Nani huyo aliyekuita?" "Simjui." "Anakujuaje mpaka kwa jina la baba yako?" "Wanaomjua baba ni wengi." "Msichana, mtaje, karatasi yako tutaisahihisha kama ya wengine." Hakumtaja. Akarudi nyumbani, akampita Fathi mlangoni bila kumtazama, akaingia chumbani.

Ndiyo, ni Fathi. Sauti ya mume wangu naijua hata ikiwa ndani ya debe. Nilimtukana siku tatu, na alichokuwa anajibu ni "Nilitumwa, nilitumwa." Sikuamini. Wiki iliyopita nikawa nafua kanzu yake, nikakuta ndani ya mfuko bahasha yako. Haikuwa na pampu, Shawqi. Nakuandikia maneno yako ili usiniambie umeyasahau. "Mtoto asijue lolote, ana kichwa kigumu, atakataa. Na mwite kwa jina lake, maana akiinamia karatasi huwa hasikii, isije tukawasomea watoto wa watu, wetu akabaki." Huu ni mwandiko wako, na sahihi yako iko chini.

Amepewa sifuri ya fizikia na amefungiwa kufanya mtihani wowote miaka miwili. Nimekwenda mjini nikaonana na karani anayepokea rufaa. Aliniambia, "Mama, leta kitu kinachoonyesha msichana hakujua, hatutaki zaidi." Hicho kitu ninacho. Kiko kifuani mwangu ninapoandika. Lakini nikikitoa, wewe na Fathi mtakuwa mmekwisha kujisemea wenyewe, na Fathi atafungwa. Yeye ameapa hatasema mpaka wewe useme kwanza, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemtuma. Mwisho wa rufaa ni tarehe 31 Agosti. Usiniandikie barua. Nipigie telegramu ya neno moja, TOA, mimi nitajua la kufanya na nitabeba yatakayokuja.

Inshirah

Hail, 22 Agosti 1993

Dada yangu mpendwa Inshirah,

Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema wewe na watoto, na shemeji mgongo umepata nafuu. Hapa joto ni kali, tunaanza kazi alfajiri na kupumzika adhuhuri. Juzi mmoja wetu alianguka kutoka kwenye jukwaa, lakini hakuumia sana, alivunjika mkono tu.

Yako ilinifikia juzi. Nimeisoma na nimelia, Mungu ni shahidi, mpaka wenzangu wakatoka nje. Nimekaa nayo siku mbili. Telegramu nilikwenda mpaka dirishani, dada. Lakini pale kuna karani mmoja anayewajua watu wa kampuni yetu, na neno moja kama lile mtu huuliza ni la nini. Pasi yangu ya kusafiria anayo mwajiri. Jina langu likitokea kwenye kesi huko nyumbani, huku nitatolewa siku hiyo hiyo, na hapo nani atamsomesha huyo Wisal tunayemlilia? Na tumfikirie Fathi pia. Ana watoto watatu, mgongo wake ule, jela itamuua. Mimi nisingependa dada yangu abaki mjane wa mtu aliye hai.

Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kama baba yeyote wa kijiji kile alivyofanya. Wao hawakukamatwa, nimekamatwa mimi. Nilijuaje kwamba Fathi atalitaja jina langu pia? Nilisema jina lake, sikusema langu. Na hasa nilihofia asisikie. Tangu mdogo alikuwa hivyo, ukimwita akiwa na kitabu hageuki, mpaka nimshike bega. Kutoka huku ningemshikaje bega?

Miaka miwili si mingi. Atakuwa na ishirini tu. Apumzike, ajifunze kushona, kisha atafanya tena na mimi nitakuwa nimerudi, nitakaa naye mwenyewe. Nimemnunulia bangili ya dhahabu, nitaituma na mtu wa kuaminika. Hiyo barua ya Fathi ichane, tafadhali, na uniambie umeichana. Je, yeye anajua? Kama hajui, kuna haja gani ya kumvunja moyo.

Ndugu yako akupendaye, Shawqi

Kafr Nawar, 14 Septemba 1993

Shawqi,

Barua yako imefika tarehe 9. Ulijua itafika lini, kalenda huko Hail mnazo.

Habari za nyumbani ni hizi. Fathi ameacha kukaa na watu mkahawani, maana kila akiingia kuna mjinga anayesema "andika" na wenzake wanacheka. Mke wa Abdel-Muti amekuja wiki iliyopita na binti yake mdogo aliyeingia mwaka wa mwisho. Akamwambia Wisal mbele yangu, "Mwanangu, wewe sasa huna kazi, mfafanulie huyu fizikia, Rifaat hatumwelewi." Nilinyanyua mkono nimpige, Wisal akaushika. Akamkalisha yule binti mezani, akamfungulia kitabu ukurasa wa kwanza. Sasa wanakuja wanne, baada ya Alasiri. Anawafundisha vizuri, na kwa sauti ya chini sana.

Unajua nilianza kukuandikia barua ya matusi, kurasa tatu. Nimezichoma. Ningekutukana kama mimi mwenyewe nina mikono safi, na sina.

Tarehe 31 Agosti nilikwenda mjini na Wisal. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tunakwenda kupeleka rufaa, avae vizuri, achukue cheti chake cha kuzaliwa. Barua yako kwa Fathi ilikuwa kifuani mwangu. Tulifika saa tatu asubuhi. Dirisha la karani lilikuwa wazi na foleni ilikuwa ya watu saba. Foleni ikaisha. Karani akanitazama, akaniuliza, "Mama, na wewe?" Nikamwambia, "Nasubiri kidogo." Nikakaa kwenye benchi. Wisal akakaa pembeni yangu na cheti chake mapajani. Wengine wakaja, wakapeleka zao, wakaenda. Nilikuwa najiambia nasubiri telegramu yako, labda imefika nyumbani, labda mtu ataniletea. Telegramu gani inaletwa kwenye benchi mjini, Shawqi? Nilikuwa namfikiria Fathi amefungwa minyororo, na mwanangu mkubwa anaitwa mtoto wa mfungwa, na mimi peke yangu na shamba. Nilikuwa nasubiri dirisha lifungwe. Saa nane karani akalivuta, akaweka kufuli. Mguu wangu haukuwa mgonjwa. Zilikuwa hatua sita mpaka dirishani, nilizihesabu.

Wisal alikunja cheti chake akasema, "Shangazi, inuka, gari la mwisho litatuacha." Ndani ya gari alinipa nafasi ya dirishani kwa kuwa anajua huwa natapika.

Uliniuliza kama anajua, na ukaniambia nichane. Sikuchana. Ilipofika hii yako ya mwisho nilimpa zote mbili, ile ya Fathi na hii, nikamwambia na ya benchi, kwa kuwa sikuweza tena kula naye sahani moja. Alizisoma amesimama karibu na jiko. Nilitaka anipige, au alie, au aseme atatoka katika nyumba hii. Alizikunja, akaniambia, "Bangili asiilete." Nikamwambia, "Basi mwandikie wewe, baba yako anasubiri neno lako." Akasema hana la kuandika, lakini nikikuandikia mimi, nikuambie kwamba Ami Fathi alipoanza kumwita, yeye alikuwa ameshamaliza swali la tatu, na yote matatu alikuwa ameyapata.

Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza na sikupunguza. Barua yako kwa Fathi naiweka humu ndani ya bahasha hii. Ukitaka kuichana, ichane kwa mkono wako.

Inshirah